Mama Daftari na Siku Tisa za Namba Arobaini na Saba

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mama Daftari atafunga dirisha la kibanda cha mahudhurio na kukabidhi funguo, baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na mbili za utumishi katika kiwanda chetu cha kufua nguo za hospitali. Hesabu hiyo si yangu. Kwenye rasimu niliandika "zaidi ya miaka thelathini". Akaipitia, akakata kwa kalamu nyekundu, akaniuliza hiyo "zaidi" ina siku ngapi.

Mhariri wa jarida letu ameniomba ukurasa mmoja mchangamfu. Uchangamfu nitajitahidi, kwa kuwa Mama mwenyewe anapenda kucheka. Ukurasa mmoja sitaweza, anisamehe. Kuna jambo ambalo wafanyakazi wapya hulisikia nusunusu kwenye foleni ya chai, kila mtu akiongeza chumvi yake, na sasa kwa kuwa Mama anaondoka ni heri lisimuliwe lote na anayelijua.

Alianza kazi akiwa mkunjaji wa mashuka. Mwaka wa kwanza dawa za kufulia zikamtoa malengelenge mikononi, akapelekwa kwenye kibanda cha langoni akapumzike wiki mbili huku akiandika nani ameingia na nani ametoka. Wiki mbili hizo zinaisha mwezi huu.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliibandika juu ya meza kwa mwandiko wake wa kulalia kulia: Naandika nilichokiona. Kwa kanuni hiyo aliwahi kumzuia langoni mkurugenzi wa kampuni nzima, aliyekuja bila kibati chake cha namba. Dereva alitumwa kukifuata mjini, na bwana mkubwa akasubiri kwenye benchi pamoja na wachuuzi wa karanga. Kibati kilipofika akaandikwa: amechelewa, dakika sitini na mbili. Kwa kanuni hiyohiyo alimjibu mfanyakazi mmoja aliyeomba ruhusa ya msiba wa bibi yake kwa mara ya tatu. Alimwambia bibi huyo walishamlilia mara mbili na kumchangia, safari hii aje mwenyewe kuomba ruhusa. Mfanyakazi huyo bado yupo nasi na bibi yake anaendelea vizuri.

Kisha likaja lile gonjwa.

Watu walipoambiwa wakae majumbani, sisi tuliambiwa tuje. Mashuka ya wagonjwa hayajifui. Saa moja kasoro robo asubuhi barabara ya kiwandani ilikuwa tupu, maduka yamefungwa, mbwa wamelala katikati ya lami bila wasiwasi wowote. Langoni walisimama watu arobaini waliovaa nyeupe kutoka utosini hadi kwenye buti, barakoa usoni, miwani ya plastiki iliyojaa ukungu, kila mmoja juu ya mstari wake wa rangi ya njano. Zamani mahali hapo palikuwa na kelele kushinda sokoni. Siku hizo ulisikia pumzi yako mwenyewe ndani ya barakoa, na ya jirani yako usiisikie, hata ukaanza kujiuliza kama ndani ya lile vazi kuna mtu.

Kuchangia kalamu moja kulipigwa marufuku, na kuzungumza dirishani pia. Utaratibu mpya ulikuwa huu: unafika kwenye kioo, unakigonga mara tatu kwa kibati chako cha shaba, unaonyesha namba, Mama Daftari anaandika, unapita. Ko, ko, ko. Mtu wa pili. Ko, ko, ko. Namba zetu zilichorwa pia mgongoni kwa wino mweusi, ili msimamizi ajue anamfokea nani. Chakula cha mchana tulikula tumeelekea ukutani, wote arobaini, hatua mbili kati ya mtu na mtu, ili tusipuliziane. Aliyemaliza aliondoka, na wewe unayetazama ukuta hukujua kama ubavuni kwako bado yupo mtu au umebaki peke yako.

Mifuko myekundu ya mashuka ilizidi kila wiki. Wakati mwingine ndani ya foronya tulikuta miwani ya kusomea, au soksi moja ya mtoto, au kikaratasi chenye namba ya simu. Mama Daftari aliviweka kwenye bahasha, akaandika tarehe na hospitali, akavirudisha. Hatukuwahi kusikia kama vilimfikia mtu.

Ni wakati huo ndipo kibanda chake kilipogeuka kuwa ofisi ya sheria isiyo na wakili. Watu waliacha maswali yao kwenye vikaratasi chini ya dirisha. Nyumbani kwangu kuna mgonjwa, je, mwajiri anaweza kunilazimisha nije? Nikikataa kupimwa, naachishwa kazi? Shule zimefungwa, mtoto akae na nani, na siku nikikaa naye zinahesabiwa likizo ya nani? Mume wangu amekwama mji wa pili na ndugu zake wanataka kuwachukua watoto, wana haki hiyo? Na mmoja, ambaye mwandiko wake tunaujua sote, aliuliza: barakoa ikimfanya mtu aingie nyumba isiyo yake kwa bahati mbaya, anashtakiwa nani? Mama aliyanakili yote, akayatuma kwa wakili wa kampuni, na majibu akayabandika ubaoni kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Lile la mwisho alilijibu mwenyewe. Aliandika: anayeshtakiwa ni wewe, na mkeo ndiye hakimu.

Miongoni mwa waliogonga kioo kila asubuhi alikuwemo namba arobaini na saba, mpiga pasi wa makoti ya madaktari. Kiwanda kizima kilimwita Kola, kwa sababu kola aliyoinyoosha yeye ungeweza kukatia mkate. Jumamosi moja Kola aliondoka akikohoa. Jumatatu namba arobaini na saba akagonga kioo, Mama Daftari akaandika: yupo. Jumanne, yupo. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza, yupo, yupo.

Jumatano ya wiki hiyo ya pili, saa tano asubuhi, simu ya kibandani ililia. Alikuwa mhudumu wa hospitali, sauti imechoka. Alisema mfanyakazi wetu namba arobaini na saba alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, alfajiri, na kwamba barua yake ya kazi imekutwa kwenye mfuko wa shati. Vitu vyake vipo kwenye mfuko, ndugu zake wanakuja lini kuvichukua?

Mama Daftari alimwambia, "Dada, umekosea kiwanda. Huyo mtu namwona hapa."

Na kweli alikuwa anamwona. Kibanda kina dirisha la pili linaloangalia ndani, na ndani, katikati ya mvuke, mgongo mweupe wenye namba arobaini na saba ulikuwa umeinamia meza ya pasi, unasukuma, unavuta, unasukuma.

"Mama," mhudumu akasema, "huyo tumeshamzika."

Aliweka simu taratibu. Alivaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza, akafunga kibanda, akaingia ndani. Waliokuwepo wanakumbuka zaidi hilo la kufunga kibanda, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kukiacha saa za kazi hata kwa dakika tano. Alipita kati ya mashine, watu wakaacha kukunja, wakamtazama. Alisimama nyuma ya ule mgongo. Baadaye alikiri kwamba aliogopa mambo mawili kwa kiasi kilekile: kwamba mtu huyo akigeuka asiwe Kola, na kwamba akigeuka awe Kola.

Aligonga meza. Namba arobaini na saba akageuka, akavua miwani.

Aliyegeuka ni mimi. Mimi ni mke wa Kola.

Wengi mnanijua kama msimamizi wa meza za pasi, mwenye mdomo. Hamkujua, au mlijifanya hamjui, kwamba niliingia kiwandani hapa kwa kibati cha marehemu. Kola na mimi tulikuwa kimo kimoja, ndala namba moja. Kabla hajaajiriwa tulipiga pasi nguo za watu mtaani, meza moja, yeye upande huu na mimi ule. Jumapili walipokuja kumchukua kwa gari la wagonjwa hakuweza kusema sana. Alinyoosha kidole kwenye msumari ulioning'iniza kibati, akasema, "Nishikie nafasi mpaka nirudi." Alijua kanuni ya siku zile: ukikosa siku mbili mfululizo bila karatasi ya daktari umejifukuzisha. Alijua pia kifungu cha kumi na moja cha mkataba: kazi ikikatika kwa sababu yoyote, familia ihame nyumba ya kiwanda ndani ya siku saba. Tulikaa chumba cha tano, safu ya nyuma ya tangi la maji. Watoto wawili, na mama mkwe ambaye macho yake yamekufa na miguu inafuata. Njia zote za kutoka mjini zilifungwa. Mwenye nyumba yeyote akisikia mmetoka kwenye nyumba yenye mgonjwa, mlango hafungui.

Basi nikamshikia nafasi. Siku ya kwanza alikuwa hai. Jumanne jioni hospitali walinipigia kwa simu ya jirani. Kuzika walizika wao, wenye mavazi, sikuruhusiwa hata kusimama kwenye uzio. Jumatano asubuhi nilivaa ovaroli lake nikaenda kazini. Ningefanya nini? Siku moja akiwa hai, nane akiwa amekufa, na daftari linasema yupo.

Nitawaambia lililonitisha. Halikuwa kukamatwa. Ni vile ilivyokuwa rahisi. Watu walinipungia mkono, Kola vipi. Mmoja alinipiga begani akaninong'oneza kuwa anafurahi kikohozi kimeniacha. Mikono yangu ikaanza kugonga pasi mara mbili kabla ya kuiweka, tabia yake, mimi sikuwa nayo. Nyumbani mama mkwe alisikia buti mlangoni akasema, "Mwanangu umerudi." Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya pili nilikohoa kama yeye. Siku ya tatu aliniuliza mke wangu yuko wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kujibu sijui.

Turudi kwa tunayemuaga. Mama Daftari alinitoa nje, akanisimamisha hatua mbili mbali naye karibu na tangi, akanisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanisema kwa ajili ya kibati. Hakukigusa.

"Kibati ni bati tu," alisema. "Umetoka kwenye nyumba yenye ugonjwa ukaja kusimama karibu na watu wangu siku tisa. Huyo mama anayekunja pembeni yako ana pumu. Angekufa, ungeniambia niandike nini?"

 Hakuugua mtu. Mungu alinisitiri, lakini kusitiriwa si sifa. Mama alinituma nyumbani siku kumi na nne, mimi na meza nzima ya pasi, na kabla sijaondoka akaniambia nikamweleze mama mkwe ukweli siku hiyohiyo, kwa sababu mzazi hapaswi kumsubiri mtu aliyezikwa. Nilimweleza. Akasema alijua tangu siku ya pili, kwa kuwa Kola hakuwahi kuvua buti bila kulalamika.

Kiwandani mambo yalipamba moto. Meneja wetu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Baba yake alikuwa wodi ileile, na makao makuu walikuwa wanampigia simu kila saa. Lakini aliona shimo lililokuwa mbele yake. Mfanyakazi akifa akiwa kazini kwetu, swali linalofuata ni ugonjwa aliupata wapi, na mashuka yale yalitoka wapi. Mfanyakazi mtoro akifia huko aliko, hakuna swali. Kwa hiyo alikwenda kibandani, akasimama kwenye mstari wa njano kama sisi wote, akamwomba Mama anakili upya ukurasa mmoja tu, na kwenye namba arobaini na saba aandike hayupo tangu Jumatatu.

"Ni dakika kumi, Mama. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, na atajua yeye."

"Yeye nani?"

Mama Daftari alimwonyesha kwa kalamu kule ndani. Meza ya pasi ilikuwa tupu, wapigaji wote wako karantini, mvuke unapanda wenyewe kutoka kwenye bomba. Meneja alitazama kidogo kisha akaondoka bila kuaga. Nililisikia hilo kutoka kwa mlinzi, ambaye naye hakukaa pale tena siku hiyo.

Jioni hiyo Mama aliandika kwa wino mwekundu, pembeni ya ukurasa, maneno ambayo nimeyanakili hapa kwa ruhusa yake: "Namba 47, siku tisa. Aliyeingia si mwenye namba. Mwenye namba aliugua Jumapili, akafariki Jumanne alfajiri. Aliyeingia ni mke wake, na kazi aliifanya. Kosa la kuandika ni langu: niliangalia kibati, sikuangalia mtu." Akaweka saini, tarehe na saa.

Mjue alichokuwa anakiweka mezani. Mwaka huo alikuwa amepitishwa kuwa mkuu wa utumishi, cheo alichokingojea miaka kumi na nane. Barua ilikuwa tayari, bado kutiwa muhuri. Na alikuwa anaandika kwa mkono wake kwamba daftari analosifiwa nalo lilimtia maiti kazini kwa siku nane.

Wakili wa kampuni alikuja Ijumaa. Mwanamama mfupi mwenye sauti ya chini, kijana wa kutosha kuwa binti yake Mama. Walikaa nje chini ya kivuli cha tangi, meza ndefu katikati yao. Alisoma ule ukurasa mara tatu.

"Nani alikuambia uandike hivi?"

"Hakuna."

"Unajua hapa umejishtaki?"

"Nimeandika mwenyewe, mwanangu. Najua kusoma."

Wakili alicheka ndani ya barakoa, halafu akaacha kucheka akaanza kazi. Aliyomweleza Meneja ni haya, kadiri Mama alivyonifafanulia. Kwanza, ukurasa ulionakiliwa upya ni kosa la jinai, na ukurasa uliosahihishwa wazi na aliyekosea, siku aliyogundua, ni ushahidi safi kuliko wote kiwandani. Ukiuchana huo, madaftari yote ya kipindi cha gonjwa hayaaminiki tena, saa za kazi za watu wote arobaini zinakuwa hewa. Pili, mwenye namba hakuwa mtoro. Jumatatu alikuwa kitandani hospitali, na Jumanne alikuwa ameshafariki. "Maiti haitoroki kazi," alisema. Amekufa akiwa mfanyakazi, na swali la ugonjwa aliupata wapi litaulizwa inavyostahili. Tatu, kuna mtu aliyefunguliwa lango siku tisa, akapewa meza, akasimamiwa, makoti aliyoyanyoosha yakapokelewa na kuvaliwa na madaktari. Alidanganya jina, na aonywe. Lakini mnayemruhusu kufanya kazi, na kazi yake mkaichukua, hamwezi kusema hamkumwajiri. Basi chumba cha tano kina mfanyakazi ndani yake, na kifungu cha kumi na moja hakimgusi.

Meneja alimrudishia wakili ule ukurasa. Alichosema mwishoni ni kwamba nipewe namba nyingine, hiyo hataki kuisikia tena. Nikapewa themanini na mbili. Kibati cha Kola wakili alikitia kwenye bahasha akaondoka nacho mjini kiwe kielelezo. Mimi nikapata onyo la maandishi. Mama Daftari akapata onyo la maandishi, na ile barua ya ukuu wa utumishi haikutiwa muhuri mwaka ule wala mwaka wowote. Alipokea onyo lake, akalisoma, akamrudishia karani kwa sababu tarehe ilikosewa. Lilipoletwa lililosahihishwa akalitia sahihi.

Yaliyofuata mnayajua. Utaratibu wa mahudhurio ulibadilishwa: sasa kwenye kioo unatazamwa uso kwanza, kibati baadaye. Familia za waliofariki kazini zinakaa kwenye nyumba miezi sita badala ya siku saba, na mfanyakazi mwenye mgonjwa nyumbani anabaki nyumbani bila kupoteza kazi. Kifungu hicho kipya rasimu yake ya kwanza iliandikwa nyuma ya daftari la mahudhurio, kwa mwandiko wa kulalia kulia. Kama umewahi kukaa na mtoto wako anayeumwa bila kuogopa kufukuzwa, mshukuru yule mama wa langoni aliyekuandika umechelewa dakika moja.

Sasa lililobaki. Wiki iliyopita tulikuwa wawili kibandani, saa sita mchana, tunapanga madaftari ya zamani kwenye masanduku. Alifika kwenye lile la mwaka wa gonjwa, akalifungua, akalifunga. Akaniambia kuna kitu hajakiandika popote, na kwa kuwa anaondoka ni haki yangu kukisikia.

Zile siku kumi na nne nilizokuwa nimefungiwa chumbani, na wapigaji pasi wote wako majumbani kwao, kila asubuhi baada ya foleni kwisha alibaki na daftari kufunga hesabu ya walioingia. Asubuhi ya kwanza baada ya wakili kuondoka na bahasha, foleni ilikuwa imekwisha, lango limefungwa. Kioo kikagongwa. Ko, ko, ko. Shaba kwenye kioo, anasema, sauti ambayo hawezi kuikosea. Aliinua kichwa na kalamu ipo tayari. Mistari ya njano ilikuwa mitupu hadi barabarani. Asubuhi ya pili, vilevile. Alitoka akazunguka kibanda, akamuuliza mlinzi, mlinzi akasema hajaona mtu, akamwomba asimuulize tena. Asubuhi ya tatu alikuwa amepata habari kwamba barua ya kuturuhusu kubaki chumba cha tano imetoka. Kioo kilipogongwa hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya kawaida, vile anavyomwambia mtu yeyote apite, "Wamebaki, baba. Nyumba ni yao, mkeo ameandikwa kwa jina lake. Kapumzike."

Akasubiri. Hakikugongwa tena, siku hiyo wala nyingine.

Nilimuuliza kwa nini hakuliandika. Akasema hakuona kitu, alisikia tu, na daftari halina safu ya vilivyosikika.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, mnanijua. Niliketi juu ya sanduku la madaftari nikalia mpaka chai ikapoa. Sijui kilichogonga, na kama kuna anayejua asinieleze. Ninachojua ni kwamba miaka mitano nimelala nikifikiri Kola aliondoka bila kujua kama tulipata pa kukaa, kwamba nilipewa kazi ya kumshikia nafasi na sikupata njia ya kumpa jibu. Kumbe jibu lilishatolewa, na mtu aliyelitoa nilikuwa napita mbele yake kila siku akiniambia nimechelewa.

Mama Daftari anakwenda kukaa na dada yake mkubwa. Amesema atafuga kuku na hatawapa namba, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu anayeliamini. Wafanyakazi wamechanga wakamnunulia kiti cha kulalia, kwa kuwa miaka yote alikalia stuli isiyo na mgongo, na ameshauliza stakabadhi yake iko wapi.

Kwa niaba ya meza za pasi, za kukunja, mashine na madereva, na kwa niaba ya wakazi wote wanne wa chumba cha tano, mmoja wao akiwa bibi wa miaka themanini na nne anayekutumia salamu na kusema ulikuwa sahihi kuagiza aambiwe ukweli: asante, Mama. Ulituandika vizuri. Tunakutakia afya, majirani wema, kuku wanaotaga, na usingizi wa asubuhi unaopitiliza hadi jua liwe juu ya paa.